Sayansi ya jumla kwenye pepa za utumishi: desa halitakutoa

Kila zikitangazwa ajira za serikali magrupu ya WhatsApp na Telegram yanafurika madesa, yani pdf za maswali na majibu ya kukariri. Maswali 500 ya sayansi na teknolojia, nani aligundua balbu, nani aligundua simu, kirefu cha RAM ni nini, sayari kubwa ni ipi, mfupa mdogo kuliko yote uko wapi mwilini, na vijana wanashusha usiku kucha, wanameza kama ilivyo, wakitoka kwenye chumba cha usaili unasikia "yametoka nje ya desa". Inaniuma sana, maana wengi wao ni watoto wenye akili zao, wamesoma kwa shida, nauli ya kwenda kwenye usaili wamekopa, na ule muda mfupi walionao wanaumalizia kwenye kitu kisichoweza kuwasaidia. Na nafasi zenyewe mnajua zilivyo. TRA mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita 135,000, yani kiti kimoja kinagombewa na watu kama 85. Kwenye msongamano wa hivyo kila mtu ana desa lilelile, sasa desa litakutofautisha na nani?

Msimamo wangu ni huu. Sayansi ya jumla ianze na kitu kilichotokea nchini kwako au kitu unachokishika kila siku, ukivute kurudi nyuma mpaka ufike kwenye kanuni uliyofundishwa fomu tuu au fomu thrii, halafu kanuni hiyohiyo uipeleke kwenye kitu kingine kabisa uone kama bado inafanya kazi. Ukiweza hivyo kwa mada chache tu utajibu maswali ambayo hujawahi kuyaona, na pepa yoyote ya maana imejaa maswali ambayo hujawahi kuyaona.

Nchi ambayo mtihani wake wa utumishi umechambuliwa mpaka nukta ya mwisho ni India, kwa hiyo tuchukue mifano kule. Tume yao ya utumishi, UPSC, kila mwaka inapokea maombi ya watu kama milioni moja na wanaopita mpaka mwisho ni kama elfu moja. Mtihani una hatua tatu, kuna mchujo, kuna mtihani mkuu wa kuandika insha, kuna mahojiano. Kwenye mchujo pepa ya kwanza ina maswali 100 ya kuchagua, saa mbili, kila swali maksi 2, na ukikosea wanakukata theluthi ya maksi za swali hilo, kwa hiyo kubahatisha kunauma. Sasa silabasi ya mchujo ikifika kwenye sayansi inasema sayansi ya jumla, imeisha, hawakupi orodha ya mada. Vijana wa kule wamejua kwa miaka mingi kwamba ukikosa orodha huwezi kukremu, lazima urudi kwenye misingi, na ndo maana ushauri wa kwanza kabisa anaopewa mtu anayeanza ni kurudia vitabu vya shule vya serikali, NCERT, kuanzia darasa la sita kwenda juu. Mtu ana digrii anarudi kusoma kitabu cha mtoto wa miaka 12 na haoni aibu.

Angalia swali la mwaka 2018. Waliuliza GPS inaweza kutumika kwenye maeneo gani kati ya haya: shughuli za simu za mkononi, shughuli za kibenki, na kuongoza gridi za umeme. Mtu wa desa amekariri kwamba GPS ni mfumo wa kujua mahali ulipo. Anaona simu, anasema sawa, ramani ipo kwenye simu. Anaona benki anasita, anaona gridi ya umeme anaitupa kabisa. Anakosa. Jibu ni yote matatu, na sababu yake inapatikana ukijiuliza swali moja tu, hiki kidude kinajuaje nilipo?

Kinajua kwa kupima muda. Kila satelaiti ya GPS iko juu kama kilometa 20,200 na imebeba saa ya atomu, saa sahihi sana, na kazi yake kubwa ni kutangaza muda wa kwake mfululizo. Simu yako inapokea matangazo ya satelaiti nne au zaidi, inaangalia kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika, kuchelewa huko kunazidishwa na kasi ya mwanga unapata umbali, na umbali kutoka satelaiti hizo ndo unaokupa sehemu ulipo. Mwanga kwenye sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni unakwenda kama sentimita 30, kwa hiyo saa ikikosea kidogo tu mahali nako panakosewa. Ukishaelewa hapo unagundua kwamba GPS kwanza ni saa ya dunia nzima inayopatikana bure, mahali ulipo kunatokana na saa. Na nani anahitaji saa? Minara ya simu inahitaji iende pamoja isiingiliane, benki inahitaji kuandika muamala upi ulitangulia upi, gridi inahitaji kulinganisha mawimbi ya umeme ya kituo cha huku na cha kule kwa wakati uleule. Swali zima limefunguka kwa kuelewa kitu kimoja, na huhitaji kuwa injinia wala kujua hesabu ngumu.

Lingine la mwaka 2021, hili nalipenda zaidi maana liko jikoni. Presha kuka. Waliuliza joto la chakula ndani ya presha kuka linategemea hasa nini: ukubwa wa tundu kwenye mfuniko, joto la moto, au uzito wa mfuniko. Jibu ni tundu na uzito, moto haumo. Watu wengi sana waliweka moto maana akili ya kawaida inasema moto mkali ndo unaivisha. Lakini kaa chini uangalie sufuria ya kawaida. Maji yakishachemka hata ukiongeza kuni ngapi hayapandi, yanabaki pale kwenye nyuzi 100 kama uko Dar, moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu. Presha kuka inafungia mvuke, mgandamizo unapanda, na mgandamizo ukipanda maji yanagoma kuchemka mpaka yafike joto la juu zaidi, kama nyuzi 120 hivi. Nani anaamua mgandamizo uishie wapi? Ni kile kitu kinachokalia tundu. Mvuke ukipata mgandamizo wa kukiinua unatoka, na mgandamizo huo ni uzito wake ukigawanya kwa eneo la tundu. Fizikia ya fomu wani hiyo, mgandamizo ni kani kwa eneo.

Sasa ipeleke kanuni hiyo kwingine. Kwa nini maharage Njombe yanachelewa kuiva kuliko Temeke? Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua mgandamizo, maji yanachemkia kama nyuzi 93, kwa hiyo maharage yanapikwa kwenye joto dogo hata kama moto unawaka kwelikweli. Na hapohapo unaingia kwenye sera, maana tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na presha kuka za umeme zimo kwenye mazungumzo hayo. Ofisa wa halmashauri ya mkoa wa baridi akiulizwa na wananchi kwa nini tununue hiki kitu ana jibu la kisayansi la kuwapa. Ndo maana nasema swali kama lile halikuwekwa kumsumbua mtu, limewekwa kwa sababu mtumishi wa umma anakutana na mambo haya kila wiki akiwa na muhuri mkononi.

Nirudi kwetu. Mkitaka nondo za kujiandaa msihangaike na mambo ya mbali, miaka hii michache tu nchi imetupa silabasi nzima bure.

Chukua Mei 2024. Tarehe 12 intaneti ikaanguka Tanzania na nchi za jirani, watu wakabaki wanazima data wanawasha, wengine wakafikiri bando limeisha. Ilikuwa nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwenye tukio hilo moja kuna maswali ya kutosha pepa nzima. Intaneti yetu kwa sehemu kubwa inafika kwa waya gani na waya huo umebeba nini ndani? Umebeba mwanga, unaopita kwenye nyuzi za kioo nyembamba, unajigonga pembeni unarudi ndani hauvuji, ile mada ya kuakisika kote ndani tuliyosoma kwenye mwanga, na ndani ya kioo mwanga unapungua kasi kufika kama kilometa 200,000 kwa sekunde kutoka 300,000. Kwa nini hatukuhamia kwenye satelaiti tu? Kwa sababu uwezo wa waya mmoja wa baharini kubeba data ni mkubwa mno kulinganisha na satelaiti, na zile satelaiti za mkao mmoja juu ya ikweta ziko umbali wa kilometa 35,786 kwa hiyo hata mwanga wenyewe unachelewa kwenda na kurudi, ukipiga simu unasikia mwenzako anakujibu kwa kuchelewa. Satelaiti za chini, kilometa 550 hivi, zimepunguza tatizo hilo la kuchelewa lakini zinahitajika nyingi kwa sababu kila moja inakupita haraka. Na swali la kiofisa sasa, kama nyaya zetu zimepita njia moja baharini na zinaweza kukatika pamoja, serikali ipange nini? Unaona tumetoka kwenye fizikia tumeingia kwenye utawala bila kuruka ukuta wowote.

Siku chache kabla ya hapo, mwanzoni mwa Mei hiyohiyo, tulikuwa na kimbunga Hidaya. Kikaja mpaka Mafia. Swali zuri sana ni kwa nini vimbunga vinapiga Msumbiji na Madagaska mara kwa mara na sisi mara chache. Bahari yetu ina joto la kutosha, kimbunga kinataka maji ya nyuzi 26 au 27 kwenda juu na sisi tunayo, kwa hiyo joto peke yake halielezi. Kinachokosekana ni mzunguko. Dunia inapojizungusha inapindisha upepo, na kupindishwa huko ni dhaifu karibu na ikweta kunaongezeka ukienda mbali nayo, kwa hiyo karibu na ikweta upepo unakimbilia moja kwa moja kwenye hewa nyepesi bila kujisokota. Mafia iko kama nyuzi 8 kusini, ni pembezoni mwa eneo ambalo vimbunga vinaweza kuishi. Mtu aliyesoma mchepuo wa sanaa kama HKL akisoma aya hii mara mbili ameelewa, na swali la jiografia ya hali ya hewa likija kwa sura yoyote analo jibu.

Umeme ndo mahali watu wanapoangukia sana na nitakaa hapo kidogo maana ni aibu kwetu wote. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, hiyo kila mtu anayo kichwani. Muulize mtu huyohuyo megawati na zile uniti anazonunua kwenye LUKU zinahusianaje, kimya. Megawati ni kasi ya kutoa nishati, uniti ni nishati yenyewe iliyokwisha kutumika. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, kwa hiyo pasi ya wati 1,000 ukiiwasha saa nzima umekula uniti moja, balbu ya wati 10 inakwenda saa 100 kwa uniti hiyohiyo. Bwawa likizalisha kwa uwezo wote saa 24 ni megawati-saa 50,760, yani uniti milioni 50 na laki saba na kitu kwa siku, lakini haliwezi kwenda hivyo mwaka mzima kwa sababu maji yana msimu. Ukielewa tofauti hii moja unaweza kusoma habari yoyote ya nishati na kujua wapi mwandishi kachanganya, unaweza kujibu swali la sola, la jenereta, la betri ya gari la umeme.

Na ongeza hapo swali la pili, kwa nini laini kutoka bwawani kwenda Chalinze ni ya kilovolti 400 wakati nyumbani tunatumia volti 230? Kwa sababu umeme ukisafiri waya unapata moto na moto huo ni hasara, hasara inakwenda kwa mraba wa mkondo, ukipandisha volti mara kumi mkondo unashuka mara kumi na hasara inashuka mara mia kwa waya uleule. Hakuna cha kukariri hapo. Mtu akikuuliza kwa nini transfoma zipo mtaani umeshajibu tayari.

Afya nayo. Kagera ilipata Marburg Machi 2023, ikapata tena Januari 2025 huko Biharamulo. Nimeona kwenye madesa magonjwa yamepangwa kwa jedwali, ugonjwa, kisababishi, dalili, watu wanakariri safu. Jedwali lina kazi yake sikatai. Ila kinachopimwa kwenye pepa nzuri ni kama unajua matokeo ya kisababishi. Marburg ni kirusi, antibayotiki haikigusi kwa sababu antibayotiki inashambulia mitambo ya bakteria ambayo kirusi hakina. Kipindupindu ni bakteria, na bado kinachookoa maisha kwa haraka ni maji ya ORS, kwa sababu kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini kabla bakteria hata hajashughulikiwa. Malaria si kirusi wala bakteria, ni kimelea, ndo maana dawa zake ni za kwake peke yake. Halafu kuna swali moja tamu hapo, kwa nini ORS ina sukari? Wengi wanasema ya kuleta nguvu. Sukari ipo kwa sababu ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha chumvi na glukosi zikiwa pamoja, na vikipita vinavuta maji nyuma yake, mlango huo unaendelea kufanya kazi hata wakati kipindupindu kimeharibu mambo mengine. Chumvi peke yake isingefika mbali. Mwalimu wa mtaa, mtendaji wa kata, ofisa afya, wote wanaelekeza watu kuchanganya kile kipakti kwenye lita moja ya maji na wakijua sababu wataeleza kwa nini usiweke nusu lita wala usigawe pakti.

Sasa wale waliosoma sanaa wanaoniambia "mkuu mimi sayansi niliiacha fomu tuu". Nawaelewa, fizikia na kemia kwa wengi wenu ziliishia hapo mlipochagua michepuo. Lakini baiolojia mlisoma mpaka fomu foo kama wenzenu, na jiografia yenye hali ya hewa, miamba na mito mlisoma, hiyo ni zaidi ya nusu ya safari. Kilichobaki ni mambo machache ya fizikia, mgandamizo, joto, mwanga, umeme, mawimbi, na ya kemia ni asidi na besi, kutu, moto na maji. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vya fomu wani mpaka foo vipo maktaba mtandao unasoma bure. Soma sura, funga kitabu, tafuta kitu kimoja nyumbani kinachotumia hiyo sura na umweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili cha kawaida, bila istilahi. Ukishindwa kumweleza mama au mdogo wako kwa nini friji inatoa joto nyuma yake, bado hujaelewa friji, rudi kwenye kitabu. Mtihani unaweza kuja kwa Kiingereza sawa, lakini maneno ya Kiingereza utayapata kwa haraka ukiwa na picha kichwani, bila picha hata ukariri kamusi nzima swali likigeuzwa kidogo unapotea.

Teknolojia mpya ni eneo lingine la hofu. Akili mnemba, blokcheni, kompyuta za kwanta, watu wanakimbizana na kila jina linalotoka. India mwaka 2022 waliuliza kweli kyubiti inahusiana na nini, jibu kompyuta za kwanta, swali rahisi ukiwa umesoma habari. Maswali ya namna hiyo yapo na yanajibiwa kwa kusoma gazeti kila siku, dakika chache zinatosha. Ila ona la 2019 kuhusu saini ya kidijitali, walitoa maelezo matatu, la kwanza kwamba ni rekodi inayoitambulisha mamlaka iliyoitoa, la pili kwamba ni uthibitisho wa utambulisho wa mtu anapoingia kwenye huduma za intaneti, la tatu kwamba ni njia ya kusaini waraka wa kielektroniki na kuhakikisha maudhui yake hayajabadilishwa. La tatu tu ndo sahihi. Yale mawili yananukia ukweli, yanaelezea vitu vya jirani, cheti cha kidijitali na namna ya kuingia kwenye mfumo, na mtu aliyesoma juujuu anakamata yote. Hapa kwetu barua za serikali zinakwenda kwenye mifumo, malipo ni kontroo namba, laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeshaanza kazi. Mtumishi asiyejua tofauti ya kuficha waraka na kuthibitisha kwamba haujachezewa ataharibu kitu cha watu siku moja. Kwa hiyo kwenye teknolojia ushauri wangu ni huo huo, chukua mfumo wa serikali uliokwisha kuutumia mwenyewe, kama ule wa kuombea ajira, ujiulize taarifa zangu zinakaa wapi, nani anaziona, zikibadilishwa nitajuaje, nenosiri likiibiwa nini kinamzuia mwizi.

Neno moja kuhusu maswali ya maelezo matatu manne ukachague yapi sahihi. Ogopa sentensi yenye daima, tu, zote, kamwe. Sayansi halisi mara nyingi ina masharti. Mfano wa nyumbani kabisa ni Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba sekondari mwaka 1963 aliyeona mchanganyiko wake wa ayskrimu uliowekwa ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa, akawauliza wakubwa wakamcheka, baadaye akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar, wakapima, wakachapisha mwaka 1969. Jina lake liko kwenye fizikia ya dunia mpaka leo, yeye mwenyewe akaenda zake kwenye utumishi wa wanyamapori. Wanasayansi bado wanabishana lini hali hiyo inatokea na kwa nini, wengine wamepima wasiione. Kwa hiyo sentensi inayosema maji ya moto daima yanaganda haraka kuliko ya baridi ni ya uongo, na inayosema haiwezi kutokea kamwe nayo usiikubali haraka.

Pamoja na kuwasifu wahindi kuna mambo yao sitaki tuige. Tuisheni zao za utumishi zimekuwa biashara kubwa inayokula vijana, wanajazana kwenye mitaa kama Old Rajinder Nagar pale Delhi, na Julai 2024 wanafunzi watatu walikufa maji yalipojaa kwenye chumba cha chini kilichokuwa kinatumika kama maktaba ya kituo cha tuisheni. Mwaka 2014 pia waliingia barabarani waliosoma kwa Kihindi na waliosoma sanaa kupinga pepa ya pili ya mchujo, wakisema inawabeba mainjinia na wanaojua Kiingereza, serikali ikasikia, na mwaka uliofuata pepa ile ikabaki ya kufaulu au kufeli tu kwa asilimia 33, maksi zake hazihesabiwi tena kwenye kupanga nani aendelee. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Swali la sayansi ya jumla linatakiwa liwe na haki kwa mtu wa historia sawasawa na mtu wa PCM, yani fizikia, kemia na hesabu, na kipimo cha haki hiyo ni rahisi, je linajibika kwa elimu ya fomu foo pamoja na kufikiri? GPS na presha kuka yanapita kipimo hicho. Kirefu cha vifupisho hakipiti, hakuna mtu aliyewahi kufikiri akapata kirefu cha HTTP.

Jambo moja la UPSC ningetamani Sekretarieti yetu ya Ajira ilichukue kesho asubuhi. Wao pepa za zamani wanaziweka wazi kwenye tovuti yao, na majibu rasmi ya mchujo nayo wanayatoa, mtu yeyote aliye kijijini na simu anasoma alichoulizwa mwenzake miaka yote bila kumlipa mtu. Hapa mtoto wa Sumbawanga analipia desa la Telegram lililoandikwa na mtu asiyejulikana, nusu ya majibu yana makosa, na hana pa kuhakiki. Pepa zikichapishwa watunzi nao watalazimika kuandika maswali mapya yenye akili kila mara, na ile biashara ya pdf itakosa wateja ndani ya msimu mmoja.